Ana Mkono

Chungu cha bibi kilikuwa na mstari mweupe shingoni, mwembamba kama uzi, uliozunguka mpaka ukakutana na mwanzo wake. Kilikaa juu ya mafiga katika jiko lake, nje kidogo ya mji wa Tukuyu. Kwetu mvua ni nyingi, kuni hazikauki sawasawa, na moshi wake ni mzito. Masizi yalikivaa chungu kile tangu tako hadi tumbo. Shingoni peke yake hayakupata makazi, maana bibi kila alipokwisha kupakua alichukua kitambaa chenye maji, akaufuta ule mstari mpaka weupe wake ukarudi.

Siku moja nilimwuliza anahangaika nao wa nini, na ndizi za mbalaga zitaiva vilevile hata mstari ukiwa mweusi. Hakunijibu nilichouliza. Aligeuza chungu kidogo, akapitisha kidole juu ya mstari, akasema, "Huyu aliyekifinyanga ana mkono." Kisha akaendelea na shughuli zake.

Bibi hakumjua aliyekifinyanga. Alijua tu kwamba ni mwanamke wa Kikisi, kwa kuwa vyungu vya namna ile vilitoka ziwani Nyasa vikapandishwa mpaka masoko ya huku kwetu milimani. Hakuwahi kumwona sura wala kusikia jina lake. Alimjua kwa mstari tu, na mstari ulimtosha kumheshimu kila siku kwa kitambaa na maji. Bibi ametangulia. Mimi niliyebaki, ambaye riziki yangu naitafuta kwa kuandika, bado najaribu kuona kile alichokiona.

Neno letu la sanaa limetoka katika Kiarabu, na shina lake huko ni kutengeneza, kuunda kitu kwa mikono. Kwa hiyo lilipoingia katika Kiswahili lilikaa nyumba moja na ufundi. Siku hizi wamehamishana. Kijana wa Tukuyu akisema "mimi msanii," wenzake humwuliza ameimba wimbo gani. Seremala ni fundi, mwashi ni fundi, anayeshona magauni ya harusi ni fundi; msanii ni yule aliye jukwaani. Na kuna mwendo mwingine wa neno hilo unaonihuzunisha zaidi. Mtu akikuzungusha kwa ahadi zisizotimia, unamwambia, "Acha usanii wako." Usanii umekuwa jina la ulaghai.

Sidhani kwamba lugha imekosea. Watu wameona mapambo mengi yasiyo na kitu ndani, wakalitia neno adabu. Wazee walikwisha kusema kwamba uzuri wa mkakasi ndani ni kipande cha mti. Waswahili hawakuwahi kuuchukia uzuri. Waliukataa uzuri unaotumwa kuficha. Ndiyo maana naona neno la bibi, mkono, lina afya kuliko msanii na usanii. Kuwa na mkono si kuwa jukwaani, na hakuna namna ya kuutumia mkono kulaghai, kwa sababu mkono huonekana katika kitu kilichokwisha kufanywa, mwenyewe akiwa hayupo kujitetea.

Ukitaka kuujua mkono ule ulikotoka, shuka. Kutoka Tukuyu barabara huteremka kuelekea Kyela, chai na parachichi hubaki juu, joto huongezeka, mashamba ya mpunga na mikakao huanza. Wakati bibi anazaliwa, nchi yote hii, milima na bonde la ziwa, ilihesabiwa kuwa wilaya moja ya Rungwe. Ukifika Matema, mchanga na maji viko mbele yako, na upande wa mashariki milima ya Livingstone inasimama kama ukuta. Ikombe, kijiji cha wafinyanzi, kimebanwa kati ya mlima na ziwa. Ardhi ya kulima ni haba. Wakisi wameishi kwa samaki na vyungu, na zamani vyungu hivyo vilipakiwa kwenye mitumbwi, vikafuata kandokando ya ziwa, vikabadilishwa na vyakula vya Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe. Hadi leo Jumamosi ni siku ya soko la vyungu pale Lusungo, karibu na Matema.

Ufinyanzi huu ni kazi ya wanawake. Udongo huchimbwa, hupondwa, hutolewa mawe, hukandwa. Chungu huinuliwa kwa mikono. Huachwa kikauke taratibu. Husuguliwa kwa kokoto laini mpaka kinateleza. Hupewa wekundu, na juu ya wekundu huja mapambo meupe. Kisha huchomwa katika moto wa wazi.

Nilipoitazama kazi hiyo kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, jambo moja lilinishika. Chungu kina madai yake. Kinataka udongo usio na mawe, ukuta wenye unene unaolingana, na moto wa kutosha. Ukiyatimiza hayo, kitapika maharage kama vyungu vingine. Hata kusugua kuna faida yake, kwani chungu kilichosuguliwa hakinywi maji sana. Lakini mfinyanzi husugua akapita pale ambapo maji yangeridhika. Anasugua mpaka mahali panapomridhisha yeye. Na mstari mweupe haukudaiwa na maji, wala na moto, wala na maharage.

Hapo ndipo ninapoiona sanaa: katika ile sehemu ya kazi ambayo kazi yenyewe haikuidai. Chungu kilikwisha kutosha, naye akaendelea.

Tumezoea kuipima sanaa kwa vipimo vingine vitatu: mahali inapowekwa, bei inayouzwa, na jina lililo chini yake. Mwaka 1950 alizaliwa Nairobi mfinyanzi Magdalene Odundo. Alikwenda Uingereza kusomea sanaa, na katika miaka ya 1970 alikaa Abuja (mji uitwao leo Suleja), Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi alikofanya kazi Ladi Kwali, mfinyanzi ambaye Wanigeria wameiweka picha yake kwenye noti ya naira 20. Huko Odundo alijifunza kutoka kwa wanawake jinsi ya kuinua chungu kwa mikono, bila gurudumu. Vyungu vyake husuguliwa mpaka ving'ae, havipakwi rangi ya kioo, na hutoka motoni vikiwa vyekundu au vyeusi. Leo vimo katika British Museum, na bei ya kimoja yaweza kujenga nyumba nzuri hapa Tukuyu, na chenji ikabaki. Namheshimu sana mama huyo. Mkono anao, na fikra zake ndefu juu ya mwili wa binadamu na mwili wa chungu zinaonekana katika kila shingo aliyoipinda. Lakini njia yenyewe, mikono, kokoto na moto, ni ndugu wa njia ya Ikombe. Kama tunaita sanaa kile kilicho ndani ya kioo huko London, basi swali linabaki mezani kuhusu kile kilichopangwa juu ya majani makavu pale Lusungo.

Au mfikirie Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, katika ukoo wa wafinyanzi. Kabla ya mtu yeyote kumwita mwimbaji alibeba vyungu kwenda kuviuza, na husimuliwa kwamba sauti yake ya kunadi vyungu ndiyo iliyowafanya watu wageuke. Mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi nyimbo kwenye santuri. Alipofariki mwaka 1950 Afrika Mashariki nzima ilimjua, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Najiuliza usanii wake ulianza lini. Tukisema ulianza Bombay, tumeuweka ufunguo wa sanaa mkononi mwa mashine. Mimi nasema ulianza barabarani, chungu kikiwa kichwani, siku ile aliponadi bidhaa yake kwa uzuri uliozidi mahitaji ya kunadi.

Na Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kupaka baiskeli, juu ya vipande vya mbao nyepesi za kutengenezea dari. Hakuwa na shule ya uchoraji. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Ilikuwa miaka minne tu ya brashi, na jina lake likawa jina la mtindo mzima. Wapo waliosema, na wapo wanaosema hadi leo, kwamba zile ni picha za kuuzia watalii. Lakini simba anaweza kuchorwa ili auzwe, na bado jicho lake likapewa nukta moja zaidi ambayo mnunuzi asingeulizia.

Vipimo vile vitatu, basi, hufika baadaye. Makumbusho huja kitu kikiwa kimekwisha kuwa kizuri. Bei humfuata mwenye fedha. Jina ni la bahati. Chungu cha bibi kilikosa vyote vitatu, na mkono ulikuwamo.

Najua nitaulizwa: kama ni hivyo, kila kazi si itakuwa sanaa? Hapana. Nilipokuwa kijana nilichuma chai. Chai nzuri ni majani mawili na kichipukizi chake, na mchumaji hodari vidole vyake hukimbia kuliko jicho la anayemtazama. Ni kazi ya ujuzi na ya heshima, imesomesha watoto wengi wa Rungwe. Lakini mwisho wa mstari kuna mizani, na mizani inajua kilo peke yake. Haina mahali pa kuweka uamuzi wangu. Nikichuma kwa upendo au kwa hasira, kikapu ni kilekile. Sanaa huhitaji upenyo ambamo mkono unaweza kuamua jambo, na uamuzi huo ukabaki katika kitu.

Upenyo huo waweza kuwa mdogo sana. Mwaka 1879 Joseph Thomson, Mskoti wa miaka 21 tu, alipita kaskazini mwa ziwa Nyasa akakuta vijiji vya Wanyakyusa. Aliandika kwa mshangao juu ya nyumba za mianzi zilizojengwa kwa unadhifu na juu ya ardhi iliyofagiliwa chini ya migomba. Nyumba hizo zilikuwa za mianzi na udongo, katika nchi yenye mvua isiyochoka. Hazikujengwa zidumu. Wanaanthropolojia Monica na Godfrey Wilson, walioishi Rungwe kwa vipindi kati ya 1934 na 1938, walieleza jinsi watoto wa kiume wa miaka kumi hivi walivyoondoka kwa wazazi na kwenda kujenga vibanda vyao pamoja na wenzao wa rika moja, mwanzo wa kijiji kipya. Nawaza mtoto wa miaka kumi na moja anayefunga mwanzi wake wa kwanza. Rika zima linamtazama. Atafunga vibaya, atafungua, atafunga tena. Baba hayupo kumwagiza. Kibanda kitaoza baada ya miaka michache, naye anajua. Anafungua tena.

Ua wa bibi nao ulifagiliwa kila alfajiri, na ufagio uliacha mistari ya upinde iliyopishana kama mawimbi. Kufikia saa tatu kuku na watoto walikwisha kuivuruga. Kesho yake alianza upya. Kama kudumu ndiko kunakokifanya kitu kiwe sanaa, basi bibi alifanya kazi bure kila siku ya maisha yake. Siamini hivyo.

Kuna jambo la Wanyakyusa lililo zito kuliko chungu na ua, nalo ni ngoma ya msiba. Godfrey Wilson aliliandika mwaka 1939. Wanawake walilia kwa sauti ndani ya nyumba na karibu nayo. Wanaume walikuja na mikuki, ngoma zikapigwa, wakacheza kwa nguvu uwanjani. Mchezo ulianza katika uchungu na hasira, ukaenda ukibadilika, mpaka waombolezaji wakaweza kurudi tena kwa walio hai. Hapakuwa na watazamaji waliolipa kiingilio. Kila aliyekuwapo alikuwa na deni kwa marehemu. Wamisionari wa Kimoravian walikuwa wamekwisha kufika Rungwe tangu 1891, na makanisa yaliwakataza Wakristo ngoma hizo. Leo msibani kwetu utasikia kwaya, na mara nyingi tarumbeta. Niliwahi kusimama kaburini, mvua ya manyunyu ikinyesha, mpiga tarumbeta akashikilia noti ya mwisho muda mrefu kidogo kuliko wenzake. Ibada haikuidai ile noti. Lakini mfiwa aliyekuwa amekauka tangu asubuhi aliweza kulia. Njia imebadilika, ile sehemu ya ziada ambamo mtu huwekeza moyo wake imebaki.

Nimefika kwenye moyo, nami nataka kusema waziwazi ninachofikiri kuhusu shauku. Watu huifananisha na moto: msanii anawaka, anachomwa na kitu ndani. Wafinyanzi wangeshangaa. Katika ufinyanzi moto ni sehemu fupi ya kazi. Siku nyingi ni za kuponda, kukanda, kungoja, kusugua. Na chungu kikiwekwa motoni kabla hakijakauka vizuri, maji yaliyobaki ndani ya ukuta wake hukipasua. Moto wa mapema huua chungu. Shauku ninayoiamini ni ile inayomrudisha mtu kwenye kazi asubuhi ambayo hana hamu nayo. Ni uwezo wa kuona kosa ambalo hakuna mwingine angeliona, na kushindwa kulala nalo.

Lakini shauku isigeuzwe kuwa sababu ya kumnyima mtu haki yake. Mara ngapi tumewaambia wapiga ngoma, wachoraji na waandishi kwamba watalipwa kwa kujulikana, au kwamba mwenye kipaji hafanyi kwa ajili ya fedha? Mama wa Ikombe anapopanga vyungu sokoni hana aibu ya kutaja bei, wala hapaswi kuwa nayo. Ndoo za plastiki na sufuria zimemnyang'anya wateja wengi. Ile ziada anayoiweka ni zawadi yake, naye ndiye mwenye kuitoa; chungu chenyewe ni jasho, na jasho hulipwa.

Niliwahi kwenda Lusungo Jumamosi moja kutafuta chungu kinachofanana na cha bibi. Nikakikuta. Nilimwamkia mwenyewe nikichuchumaa, kama tulivyofunzwa kwetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nilikinyanyua kile nilichokipenda. Alinitazama, akakichukua mikononi mwangu bila haraka, akakiweka nyuma yake. "Hicho siuzi, mwanangu. Mstari wake haukukutana." Nilipoangalia vizuri niliona: uzi mweupe ulizunguka shingo yote, na pale ulipotakiwa kuukuta mwanzo wake ulipita juu, kwa upana wa punje ya mchele. Nikamwambia mimi sijali. Akasema, "Wewe hujali. Mimi najali." Nikamwuliza atakifanyia nini. "Nitapikia mwenyewe. Nikikiona kila siku, mkono utakumbuka."

Tuna methali isemayo mfinyanzi hulia gaeni. Tangu utotoni nilifunzwa kuisikia kama malalamiko: mwenye kutengeneza vyungu hana chungu, mwenye kufanya kazi hafaidi kazi yake. Malalamiko hayo ni ya kweli na hayajaisha. Lakini siku ile niliisikia na upande wake wa pili. Mfinyanzi hula katika gae kwa kuwa kilicho kizima amekitoa kwa watu, na kilicho na kasoro amejiwekea kiwe mwalimu wake. Mezani kwake pana makosa yake yote, anayajua moja moja, na kila siku hula pamoja nayo.

Nilinunua kingine, ambacho mstari wake ulikutana. Nilikipakata ndani ya kosta njia nzima kupanda Tukuyu. Karibu na mjini mvua ilituanza, madirisha yakafungwa. Kiti cha pembeni alikaa bibi mmoja mwenye kikapu cha dagaa. Hakuniuliza nimenunua kwa shilingi ngapi, wala cha nani. Alinyoosha mkono, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Kisha akakizungusha taratibu mapajani mwangu, kidole chake kikifuata ule mstari mweupe shingoni, mpaka kikarudi pale kilipoanzia.

"Ana mkono huyu," alisema, akageukia dirisha lake.